Jibu la Wanaume wa Kumbi Moja

Kwetu, ukifiwa na mtoto wa mjomba wako, kulia peke yake hakutoshi. Binamu ni mtani wako tangu utotoni, na siku akifa unatakiwa umtanie mpaka atolewe nyumbani. Unavaa nguo zake, unatembea mwendo wake, unasema maneno yake, unawachekesha wafiwa wapende wasipende. Wageni wanaopita njia hii kwenda Lindi wakituona hudhani tumerukwa na akili. Lakini mfiwa aliyecheka kidogo hukubali kula, na aliyekula hupata nguvu za kulia tena kesho. Ndiyo maana mtani hakasirikiwi msibani. Anayemkasirikia hutozwa faini.

Kazi hiyo nilikuwa nasifiwa kwayo. Mdomo wangu sikuuomba, nimezaliwa nao, na marehemu mama yangu alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa dalali wa mnada. Basi binamu yangu alipofariki, watu walianza kutabasamu waliponiona tu naingia uani na suruali yake ya jinzi, nimeikaza kwa kamba, na kofia yake nimeivuta hadi kwenye nyusi kama alivyopenda kuivaa. Ile suruali ilikuwa kubwa kwangu, lakini kwake ilikuwa kubwa zaidi mwishoni. Alikwisha akiwa mifupa mitupu.

Ilikuwa miaka ile ya daraja la Rufiji kumalizika. Zamani masika yakianza sisi wa upande wa Miteja tulikuwa tumefungiwa na maji, hatuendi Dar es Salaam wala hakuna wa huko anayetujia. Daraja lilipokwisha, malori ya mbao yakatuzoea. Biashara ilikuwa ya yeyote, kila mwenye fedha ni mnunuzi, na wanaume wetu wakaacha mashamba ya ufuta kwa wake zao, wakaingia msituni na misumeno. Walikaa kambini mwezi, miezi miwili, wakarudi na redio na makoti ya mitumba, na hadithi walizozikatisha sisi tukikaribia. Huko kambini palikuwa na mabanda ya pombe na wanawake waliotoka pande zote kufuata riziki. Siwalaumu, njaa haina mwenyewe. Nawalaumu wanaume wetu, na nitawalaumu mpaka nife.

Binamu yangu alirudi kutoka huko akikohoa. Alisema amekanyaga tego, kwamba mpasuaji mbao mmoja alikuwa amemtega mkewe kwa dawa, na yeye akanasa. Akazunguka kwa waganga mpaka Pande, akachanjwa, akafukizwa, akauza baiskeli na godoro. Hospitali hakwenda. Kijiji kizima kilijua anaumwa nini na kijiji kizima kilimpa pole ya tego. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho hicho nilichokwenda nikiwa nimevaa suruali ya maiti.

Sasa nieleze kilichokuwa kikinichoma. Mimi nilikuwa nimeshapimwa. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, damu ilipungua, nikapelekwa hospitali ya wilaya Kivinje, na huko wajawazito walikuwa wakipimwa. Nikaambiwa sina virusi. Nesi akanishika mkono, akaniambia jibu hili ni lako, si la mumeo, mlete naye. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamweleza mume wangu. Akacheka. Akasema, "Kama wewe mzima, mimi nitakuwa na nini? Si tunalala kitanda kimoja?" Akaenda kuwatangazia wenzake kuwa amepimwa kupitia kwangu. Nikawa mimi ndicho cheti chake. Mwezi uliofuata akapanda lori akarudi kambini, na kila aliporudi likizo nililala macho wazi nikijiuliza kama safari hii ndiyo ameniletea. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya na wengine watatu. Nilimpenda mume wangu, na nilimwogopa kuliko nyoka wa ndani ya nyumba.

Nilikuwa nimeshamweleza kwa upole, kwa ukali na kwa kununa. Mwanamume wa kwetu hasikii mambo hayo kwa mkewe. Anasikia kwa watu wa kumbini kwake tu. Wale waliotahiriwa jando moja ni zaidi ya ndugu, damu yao ilidondoka kwenye mchanga mmoja. Wana ukubwa na udogo wao kwa jinsi walivyofuatana kukatwa, na aliyekatwa kwanza akisema neno, wengine hata wakiwa na mvi wanalifuata. Kumbini kwa mume wangu binamu yangu naye alikuwamo. Sasa walibaki sita, na siku hiyo ya msiba wote sita walikuwa wamekaa mkeka mmoja, wakitazama miguu yao.

Nikawaendea na mwendo wa marehemu, nikikohoa kikohozi chake. Nikamwinamia mmoja mmoja. "Kaka, nimekuja kukuaga. Nimekanyaga tego. Hili tego bwana linakanyagika kirahisi, wewe hujalikanyaga? Tulikuwa wote kambini." Watu wakaangua kicheko. Nikaenda kwa wa pili. "Wewe nakuwekea nafasi, huko niendako ni kupana. Waganga wa Pande wanakusalimu." Kicheko kikazidi, mpaka mke wa marehemu akafunika uso na kanga na mabega yakamtikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nilipofika kwa mume wangu nikamtazama tu, sikusema kitu. Kicheko kikapungua chenyewe.

Kisha nikaenda kukaa juu ya majembe. Hiyo nayo ni haki ya mtani. Wanaume walipokuja kuchukua majembe na machepe ya kuchimbia kaburi, walinikuta nimeyakalia, nimekunja miguu. Mtani akikalia vifaa, hupewa kitu ndipo anyanyuke: ugoro, ubani, shilingi mbili tatu. Wakanipa ugoro. Nikaukataa.

"Leo sitaki ugoro," nikasema. "Nawataka wale sita. Waniahidi hapa, marehemu akisikia, kwamba watakwenda Kivinje kupima damu. Wasipoahidi, mchimbe kwa kucha."

 Mzee mmoja akanong'ona kwamba nimevuka mpaka. Lakini mwalimu wa madrasa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kusubiri maiti ikoshwe, akasema bila kuinua macho, "Mtani ana haki yake. Mpeni anachotaka, jua linapanda."

Wote wakamtazama yule aliyekatwa kwanza. Ni mtu mrefu, mwenye lori la kukodi, mwenye sauti ya kuamrisha. Alitazama majembe niliyoyakalia. Kisha akasema, "Haya, mtani. Tumesikia. Hitima ikipita tutakwenda. Inuka."

Nikainuka. Utani ule niliufanya kwa woga.

Jioni yake mume wangu alinisema. "Msibani wewe mtani, nyumbani mke wangu. Umenivua nguo mbele za watu."

"Nguo ulizivua mwenyewe, kambini," nikamjibu.

Hakunipiga. Si mtu wa kupiga. Akatoka akaenda kukaa kwa rafiki yake, fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiko barabarani na naye ni wa kumbi hilohilo. Huyo fundi ni mtu mpole, wa maneno machache, ambaye ukimpelekea baiskeli hulazimiki kueleza ubovu wake. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wetu. Ndiye aliyekwenda kwa baba yangu kuniposa, akakaa siku nzima kwenye kigoda akijibu maswali ya shangazi zangu. Mkewe ni shoga yangu, tunasuka mikeka pamoja, na mtoto wake wa kwanza aliyemtafuta kwa miaka mingi alikuwa amezaliwa muda mfupi baada ya wangu. Alimzalia nyumbani, kwa mkunga, usiku wa mvua, gari lilikosekana.

Hitima ikapita na wanaume wakatimiza ahadi. Sitasahau walivyoondoka. Walipanda lile lori asubuhi, wamevaa kanzu kana kwamba wanakwenda kuoa, wanapiga makelele na kutaniana. Wakasema wataingia chumbani kwa mpangilio wa kumbini, wa kwanza kukatwa wa kwanza kuchomwa sindano. Nilijiona mshindi. Nesi alikuwa ametuhimiza tuwalete waume zetu mmoja mmoja tukashindwa, na mimi nimewaleta sita kwa kukalia majembe. Ukitaka mwanamume aende, waambie rafiki zake waende. Hilo nilikuwa nimeligundua mwenyewe, na nilitembea siku ile nimeinua shingo.

Alasiri wake zao tulikusanyika kibandani kwa fundi kuwasubiri. Shoga yangu alikuwa anamnyonyesha mwanawe na kupiga soga nasi. Lori likafika. Wa kwanza akashuka, akasimama mbele yetu, akasema, "Tumekwenda, tumepimwa, tuko wazima. Sote."

Tukapiga vigelegele. Nilipiga mimi kwa sauti kuliko wote. Shoga yangu akamwinua mtoto juu, akamwonyesha baba yake. Fundi akatabasamu, akaingia kibandani, akashika mnyororo wa baiskeli aliouacha asubuhi, akaendelea na kazi.

Nyumbani nilimtengea mume wangu chakula, nikakaa mbele yake. Nilitaka anihadithie. Mwanamume wa kwetu akivua samaki mmoja kijiji kinakoma kwa hadithi yake, sasa mtu aliyeambiwa kuwa ataishi atakosa la kusema? Akala kimya. Nikamuuliza, je, alikuambiaje nesi? Akasema, "Tuko wazima." Nikamwambia sikuulizi habari za watu, nakuuliza zako. "Na mimi nimo humo humo," akasema, akanawa mikono, akatoka.

Nilianza kuwachungulia usoni. Wote sita walikuwa wazima kwa neno lilelile, kwa mpangilio uleule, na hakuna aliyekuwa na furaha. Wa kwanza kukatwa aliacha kunitania njiani. Wengine wakiniona walipunguza sauti.

Ndipo nikakumbuka habari aliyotuhadithia mama. Zamani, watoto wakiwa kumbini, mama zao hupika na kupeleka chakula njiani, mwanamume anakipokea, maana mwanamke hafiki kule. Mtoto akifariki kwa kidonda, mama haambiwi mpaka jando liishe. Anaendelea kupika. Mama alikuwa na jirani aliyepeleka ugali msimu mzima kwa mwana aliyekwisha kuzikwa. Sahani ilikuwa inarudi imeoshwa. Akiuliza hali zao, wanaume wanamjibu, wanakula vizuri, wote. Siku ya kutoka alikwenda kusimama na wenzake, amevaa kanga mpya, na watoto wakatoka mmoja mmoja, wakaisha. Mama alikuwa akifika hapo hunyamaza, na sisi tulikuwa tunajua tusiulize zaidi.

Nilipokumbuka hilo nilikaa chini. Walikuwa wamekwenda Kivinje na sheria za kumbini, na wamerudi nazo. Mmoja wao au zaidi ana ugonjwa, na sita wamekubaliana kutuoshea sahani. Niliona hasira ambayo sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimewapeleka kwa nguvu ya urafiki wao, na urafiki huohuo umewaziba midomo. Na kama ni mmoja, kwa nini asiwe wangu?

Nikamwendea yule wa kwanza, nikamkuta anaosha lori.

"Shikamoo, shemeji." Ananipita umri kwa mbali.

"Marahaba. Utani umekwisha, sivyo?"

"Umekwisha. Nataka kujua ni nani."

Aliendelea kumwagia maji magurudumu. "Ulitaka twende, tumekwenda. Yaliyobaki ni ya kwetu."

"Damu ni ya kwenu," nikasema, "kitanda ni chetu."

Akaweka ndoo chini. Sura yake haikuwa ya ukali, ilikuwa imechoka. "Shemeji, ukilifukua hili, utamfukua mtu. Liache."

Sikuliacha. Nilimwambia mume wangu twende Kivinje wawili, mimi na yeye, tupimwe tukiwa tumekaa benchi moja na jibu tulisikie pamoja. Akakataa. Nikamuuliza sababu, akasema hana sababu. Nikamwambia kama mzima ana hofu gani? Akasema, "Nikienda na wewe, kesho wake wote watataka." Sikuelewa maana ya maneno yale. Niliyasikia kuwa ni ya mtu anayeficha. Siku hiyo nikatoa godoro la watoto, nikalala nao, nikamwambia sitarudi kitandani kwake mpaka tuende.

Shoga yangu alinicheka. Tulikuwa tunasuka, mtoto wake amelala mapajani mwake na ukindu umemzunguka. "Wamesema wote wazima, mwenzangu unataka nini tena? Unayatafuta maradhi kwa tochi. Mimi namwambia Mungu ahsante, basi."

"Wewe mumeo amekuambia nini?"

"Amesema wazima. Tena siku hizi ananihurumia mno, hataki nichote maji, hataki nichoke. Analala kibandani, eti wezi wa vipuri wamezidi. Nimempata mume wakati wenzangu wanawapoteza." Akacheka tena.

Ningekuwa na akili kama ninavyojisifu, ningelisikia hapo hapo. Nilikuwa nasikiliza hofu yangu tu.

Mambo ya chumbani hayakai chumbani. Mume wangu alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha mjomba wake akajua, na mjomba ndiye mwenye neno kwao. Akaitisha kikao. Mwanamke anayekataa kitanda cha mumewe atoe sababu mbele ya wakubwa, na asipokuwa nayo aachwe, mahari ijadiliwe. Nikaitwa uani kwa mjomba, na baba yangu mdogo akaitwa kwa upande wangu. Mshenga naye hawezi kukosa kikao cha ndoa aliyoileta, kwa hiyo fundi baiskeli akaja, na yule wa kwanza kukatwa akaja kwa sababu palipo na mmoja wao na yeye yupo. Mimi nikamwomba shoga yangu anisindikize, maana mwanamke hakai peke yake kwenye kikao kama hicho. Akaja na mtoto mgongoni, na wangu nikamwacha kwa dada yake.

Wanaume walikaa viti, sisi tukakaa mkekani ubavuni mwa nyumba. Mjomba akafungua kwa dua, akaeleza shauri, akanigeukia. "Mwanangu, mumeo amekukosea nini?"

Nikasema nataka tupimwe pamoja.

"Amekwisha kupimwa. Ulimpeleka wewe mwenyewe, na majembe ukayakalia. Akakuambia mzima. Unasema ni mwongo?"

Hapo nilinasa. Nikisema ni mwongo, nimemtukana mume mbele ya mjomba wake. Nikisema si mwongo, sina sababu. Nikamtazama mume wangu. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu, na mimi nikayasoma kuwa yananiomba nimsitiri. Nikasema, "Sijui kama ni mwongo. Hanijibu yeye, wananijibu wote."

Baba mdogo akakohoa. Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Kuna jambo tusilolijua?"

"Hakuna," akasema mume wangu.

"Basi nenda naye Kivinje, yaishe."

"Siwezi, mjomba."

"Huwezi kwa nini?"

Akafuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye kola. Mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na watoto, "Kama huwezi kueleza, na yeye hawezi kuvumilia, kuna ndoa gani hapa? Mwache. Tamka neno, tujadili mengine." Mume wangu akafungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Watoto wanne, miaka yote ile, na nilikuwa nakwenda kuachwa bila kujua hata kama nimeshakufa au bado.

Fundi baiskeli akasimama.

"Mimi ndiye niliyekwenda kumposa huyu kwa wazee wake," akasema. "Niliwaambia nawaletea mtu mwema. Siwezi kukaa hapa nikasikia anaachwa kwa ajili yangu."

Yule wa kwanza akainuka naye, akamshika bega. "Ndugu yangu, kaa. Tuliapa."

"Niliapiwa mimi. Kiapo ni changu, nakirudisha." Akamtoa mkono taratibu. Hakututazama sisi wa mkekani, alikuwa anamtazama mjomba. "Hawa watano hawana kitu. Mumewe huyu ni mzima. Mwenye virusi ni mimi. Nesi aliniambia nije na mke wangu na mtoto. Nikawaambia wenzangu tukiwa njiani kurudi, nikawaomba wanifiche mpaka mtoto aanze kutembea, maana mama yake akiondoka naye angali ananyonya, sitampata tena. Wakanificha. Huyu angekwenda na mkewe, kila mke angetaka kwenda na wake, na wangu angetaka. Ndiyo maana hawezi."

Nitasema nilichokisikia moyoni, nisikipambe. Nilisikia furaha. Ilipanda kutoka miguuni, mume wangu mzima, mimi mzima, wanangu wazima, alhamdulillahi, na ilidumu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha nikageuka.

Shoga yangu alikuwa anamnyonyesha. Alikuwa amemweka kifuani tangu mjomba anafungua dua, na mtoto alikuwa katikati ya kunyonya, mkono mmoja umeshika kanga ya mama yake. Mama yake hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, akamtazama mtoto, kisha akaingiza kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, kama tunavyofanya wote, akamtoa kwenye ziwa, akajifunika. Mtoto akashangaa kwanza. Halafu akalia.

"Nimpe, nisimpe?" akauliza.

Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikijifanya nayajua mambo ya Kivinje. Sikuyajua. Nilikuwa nimesikia kwamba maziwa yanapitisha, na nilikuwa nimesikia kwamba mtoto asiyenyonya kijijini hafiki mbali, na yote mawili niliyasikia hospitalini. Nikawatazama wanaume. Watano wa kumbi moja walikuwa wamempa mwenzao siri yao yote ya kumlinda, na sasa watatu waliokuwa pale hawakuwa na hata neno moja la kumpa mkewe. Yule wa kwanza alikuwa amekaa tena, amefunika uso kwa viganja. Mjomba alikuwa anasema Allah, Allah, polepole. Mtoto alizidi kulia, na mama yake alikuwa amekalia mikono yake yote miwili ili isimchukue.

Nikamchukua mimi. Maziwa nilikuwa nayo, na dakika ile nilikuwa nimejua kwa hakika kwamba ni salama. Najua kwetu mtoto ukimnyonyesha anakuwa wako, ndugu wa wanao kwa ziwa, na sikumwomba mtu ruhusa. Nilifungua nguo mbele ya mjomba na baba mdogo, nikampa. Akashika, akavuta mara moja. Kisha akaliachia, akageuza shingo, na kwa kilio chake chote akanyoosha mikono kumtaka mama yake.